Kiti Kisichopitisha Tone

Pikipiki ya maji ilirudi ikivutwa kwa kamba, kwa mara nyingine tena wiki ile, na kila aliyekuwa gatini aliiona.

Bi Mkasi aliiona kutoka mlangoni mwa karakana, sindano bado iko mdomoni. Mumewe alikuwa amekaa juu yake kimya, mikono magotini, mithili ya mtu anayerudishwa kwao na polisi. Mbele yake boti ya Kepteni ilikuwa inakokota polepole makusudi, na Kepteni mwenyewe, ambaye hakuwa nahodha wa chombo chochote kikubwa ila alipenda kuvaa miwani ya jua hata kukiwa na mawingu, alisimama wima kwenye usukani akipungia watu mkono.

"Imekata tena," alisema mama mkwe. Alikuwa kwenye kiti chake cha plastiki kando ya mlango, mahali pake pa siku zote. Macho ya bibi huyu yalikuwa yameshaingia ukungu, lakini habari mbaya aliziona vizuri kabisa.

"Mama, hebu tusubiri tusikie wenyewe watasemaje."

"Nisikie nini? Pikipiki nzima inapiga kelele. Hiyo haipigi."

Bi Mkasi akaitoa sindano mdomoni, akaichoma kwenye kifua cha gauni lake, akashuka ukingoni kuwapokea. Watu wawili watatu waliokuwa wakikosha boti zao waliacha kukosha. Hakuna aliyecheka. Lakini waliacha kukosha.

"Fundi," Kepteni alianza, hata kabla kamba haijafunguliwa, "mimi na wewe tumetoka mbali. Ila hii sasa imekuwa vichekesho. Inaanza vizuri, inatoka mkuku, ikifika pale kwenye boya la kwanza inapaliwa. Nguvu inakwisha, moshi mweusi tii! Ukikanyaga..."

"Ukiminya," Fundi alisema taratibu.

"Nini?"

"Haikanyagwi. Ekseleta yake ya mkononi. Inaminywa."

"Ikanyagwe, iminywe, ibembelezwe, haiendi!" Kepteni alivua miwani. "Jumamosi kuna mashindano ya kuogelea, na hii ndiyo ya kuokolea watu. Mtu akianza kuzama kule nimfuate nikikohoa? Keshokutwa asubuhi naipanda mwenyewe mpaka boya la mwisho na kurudi. Ikikata tena, kazi nampa fundi mwingine. Na fundi mwingine atahitaji banda."

Banda lilikuwa la Kepteni. Mbele ndiko kulikokuwa na karakana, na cherehani ya Bi Mkasi pembeni penye mwanga. Nyuma kulikuwa na vyumba viwili, kimoja cha wenyewe, kingine cha bibi. Kwa hiyo hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Fundi aliitikia kwa kichwa, akaendelea kukunja kamba kwa utaratibu wake, kitanzi juu ya kitanzi, ingawa kamba haikuwa yake.

Kepteni alipokuwa anaondoka akapiga kofi kiti cha pikipiki, pwaa!

"Kitu pekee kinachofanya kazi hapa ni kiti. Shemeji, hongera. Tone haliingii! Vile vingine nilivyokuagiza viwe hivi hivi."

Bi Mkasi alisema ahsante. Hapohapo akaona aibu kuwa ameisema kwa furaha, mumewe akiwa amesimama pale na maji yanamchuruzika kwenye suruali.

Lakini kile kiti, hata adui angekisifu. Kilikuja kwake kimechanika, sponji imeoza, na Kepteni analalamika kwamba maji yanapenya chini yake na kulowesha injini. Bi Mkasi alikivua mpaka kikabaki fupa tupu la plastiki. Akakata sponji mpya kwa kisu cha moto. Akakivisha ngozi bandia ya bluu iliyokoza, akapitisha uzi mweupe maradufu, mshono usioyumba hata kwenye kona. Chini akazungusha ukanda mnene wa mpira, akaugandisha kwa gundi pande zote. Na kule mbele, chini ya mdomo wa kiti, alikuta uwazi mrefu ulioachwa wazi hivihivi, upana wa kiganja, ambao machoni pake ulikuwa uzembe tu wa kiwandani. Akaujaza sponji nzito, akaufunika ngozi, akaukaza kwa pini. Kiti kikawa kinafunga kwa sauti ya mlango wa gari jipya.

Na alikiwekea sheria. Pikipiki ikiingia karakanani, jambo la kwanza ni kiti kutolewa, kufungwa kwa shuka safi na kutundikwa ukutani. Mikono yenye oili hairuhusiwi kukisogelea. "Wewe cheza na machuma yako," alikuwa akimwambia mumewe, "kiti changu nakirudisha mwenyewe, majini, pikipiki ikishaoga." Fundi alikuwa akicheka na kutii. Kwa hiyo kila alipoishughulikia ile injini, kiti kilikuwa ukutani kimelala ndani ya shuka yake.

*

Siku iliyofuata Fundi aliivua pikipiki nguo zote.

Ilikuwa ya zamani, ya zile ambazo petroli yake lazima ichanganywe na oili, na ambazo mafundi wengi walishazikimbia. Alichomoa plagi: nyeusi, zimelowa. Akatia mpya. Akakata mpira wa petroli wa kijivu uliokuja na mashine tangu kiwandani, akaupasua kwa wembe, na ndani akakuta ute wa kijani umeshika kuta.

"Mama, njoo uone!" aliita.

"Nione kwa macho gani?" mama yake alijibu. "Niletee ninuse."

Akampelekea. Bibi akanusa, akakunja uso. "Huu ndio mwizi."

"Huenda ndiye. Nabadilisha mipira yote."

Akabadilisha yote. Akafungua chujio, akalikuta safi. Akafungua kabureta, akaisambaza juu ya gazeti, akapuliza kila tundu kwa mdomo mpaka mashavu yakamuuma. Akapima kompresheni ya silinda zote mbili. Zilikuwa sawa, na kwa umri ule ziliheshimika. Akalala chali chini ya pikipiki, akamulika pangaboi linalosukuma maji: hakuna kamba wala mfuko wa plastiki ulionaswa, meno yake hayajaliwa. Bi Mkasi alikuwa anashona huku anamsikiliza akijisemesha chini kule, maana Fundi alipokuwa na tatizo alizungumza nalo kama mgeni: "Haya, hapo haupo. Na hapo je? Haupo. Sasa wewe bwana umekaa wapi?"

"Umezidisha oili," bibi alitoa hukumu.

"Sikuzidisha, mama."

"Marehemu baba yako naye alikuwa hivyo. Chumvi akitia yeye, hajazidisha."

Mchana waliiteremsha majini na kuifunga kwenye nguzo ya gati kwa kamba nene. Fundi alisimama kando, maji kiunoni, injini iko wazi mbele yake ili aione vizuri. Akaiwasha. Akaminya. Akaminya mpaka mwisho. Pikipiki ikanguruma, kamba ikakaza, nguzo ikalia, maji yakaruka nyuma mpaka kwa wakosha boti wakapiga mayowe. Haikukohoa hata kidogo. Aliiacha ivute, ivute, kisha akaizima na kusimama akiitazama.

"Si imepona hiyo?" mkewe aliuliza kutoka juu.

"Hata jana ilikuwa hivi hivi, hapa nguzoni. Hapa mzima, kule mgonjwa." Akajifuta uso kwa kiwiko. "Inanionea aibu au inanitania, sijui."

"Labda inaogopa boya."

Walicheka wote wawili. Kisha wakamwona Kepteni amesimama kwenye ukumbi wa ofisi yake, na pembeni yake kulikuwa na bwana mgeni mwenye sanduku jekundu la spana. Mgeni hakuwa anaangalia pikipiki. Alikuwa anaangalia paa la banda.

*

Jioni, kabla jua halijazama, Fundi aliomba kiti. Bi Mkasi alikileta mwenyewe, akakibana, akafuta alama ya kidole chake kwa upindo wa kanga. Mumewe akaondoka peke yake.

Kwenye boya la kwanza sauti ikabadilika. Hata bibi aliisikia, akaguna. Pikipiki ikasimama kule mbali, ndogo, na Fundi akaonekana ameinama. Akakaa ameinama muda mrefu. Kisha, jambo la ajabu, injini ikalia upya, sauti nyembamba, safi, na pikipiki ikachomoka. Ikapita boya la kwanza, ikapita la pili, ikakata kona ya boya la mwisho ikiacha povu jeupe, ikarudi. Fundi alikuwa anaendesha amesimama, magoti yamekunjwa, hajakaa kabisa.

"Imekwenda!" Bi Mkasi alipiga makofi. "Mama, imekwenda!"

"Nimesikia. Nilisema ni oili."

Lakini Fundi aliyepanda ukingoni hakuwa na uso wa mtu aliyeshinda. Alivua viatu, akamwaga maji, akavitazama ndani.

"Ilikuwa nini?" mkewe aliuliza.

"Vitu vidogo vidogo tu."

"Vitu gani?"

"Hewa hewa tu pale. Nitairekebisha asubuhi." Akageukia kiti, akakitazama, asikiguse. "Huu mshono wa kona, ulifanyaje usikunje?"

Bi Mkasi akamwonyesha. Alimweleza jinsi unavyopunguza ngozi kwa ndani, kipande kidogo kwa kidogo, na kuivuta ikiwa bado ina joto la jua. Alieleza kwa kirefu, kwa kuwa katika miaka yao yote hajawahi kumuuliza. Fundi alisikiliza mpaka mwisho. "Kiti hiki hukukishona, umekizaa," alisema, na kwenda kuoga. Mkewe alibaki anatabasamu peke yake, ingawa hakuelewa maneno yale yalikuwa na maana gani.

*

Asubuhi ya majaribio aliamka akakuta Fundi ameshatangulia. Pikipiki ilikuwa majini tayari, imeoshwa, na kiti kipo juu yake. Alikuwa amekirudisha mwenyewe! Bi Mkasi alishuka haraka kukagua. Hakukuta doa, mume alikuwa amenawa kwanza, tena kwa sabuni, maana harufu ilikuwepo. Ila kiti hakikukaa vizuri. Mbele kilikuwa kimeinuka, kimeacha mwanya wa kuingiza vidole.

Akachungulia. Chini ya mdomo wa kiti kulikuwa na vipande viwili vya mbao, kimoja kila upande.

"Mwanamume huyu," alisema kwa sauti. Alidhani ni vya kuegemezea, vimesahaulika. Akavichomoa, akavitia kwenye mfuko wa aproni, akakandamiza kiti kwa viganja viwili mpaka kikafunga kwa ile sauti yake, tak! Akakifuta. Kikang'aa.

Kepteni alikuja na bwana wa sanduku jekundu, na wakosha boti nao wakasogea, na bibi akahamishwa na kiti chake cha plastiki mpaka ukingoni kwa amri yake mwenyewe. Fundi alikuwa anafungua kamba upande wa nyuma.

"Nenda mpaka mwisho, Kepteni," alisema, na sauti yake ilikuwa na uhakika ambao Bi Mkasi hakuwa ameusikia kwa siku nyingi. "Usiionee huruma. Minya yote."

Kepteni akapanda, akaondoka. Mngurumo ulikuwa mtamu. Bi Mkasi alijisikia kifua kinapanda. Boya la kwanza likakaribia.

Kisha ikapaliwa.

Ilikohoa, ikainamisha pua, ikatoa moshi mweusi uliotambaa juu ya maji mpaka gatini na kuwaingia watu puani. Bwana wa sanduku jekundu akatazama chini kwa adabu. Kepteni alirudi kidogo kidogo, injini inachechemea, akaja kusimama mbele ya Fundi bila kuizima.

"Haya. Sema mwenyewe," alisema.

Fundi alifungua mdomo. Macho yake yakashuka kwenye mdomo wa kiti, yakakuta kiti kimekaa bapa, hakina mwanya. Yakaganda hapo. Halafu yakapanda mpaka kwa mkewe aliyesimama ukingoni na aproni yake. Hakuwa na hasira usoni. Alimtazama tu, akarudisha macho kwa Kepteni.

"Nimeshindwa," alisema. "Injini hii imenishinda. Nipe siku chache tufungashe, nitakuachia banda."

"Nani ameshindwa?" bibi alifoka kutoka kwenye kiti chake. "Sema tena nikusikie! Jana imekwenda mpaka mwisho, nimeisikia kwa masikio haya!"

"Mama, yaache."

"Siachi!"

Mkono wa Bi Mkasi ulikuwa mfukoni. Vidole vyake, vidole vinavyojua kitambaa gizani, vilikuwa vinapapasa vile vipande vya mbao bila yeye kuviagiza. Havikuwa na ncha. Kila kona ilikuwa imepigwa msasa mpaka ikawa laini. Nani anapiga msasa kijiti cha kuegemezea? Mtu asiyetaka kijiti kikate ukanda wa mpira. Mtu asiyetaka kuumiza kiti.

Kepteni, kwa hasira, akaminya ekseleta pale pale aliposimama. Na Bi Mkasi akaona. Ngozi ya bluu, pale mbele alipoujaza ule uwazi sponji, ilibonyea kuelekea ndani, shimo likaingia kati ya mishono yake miwili myeupe, kama mashavu ya mtu anayenyonya mrija ulioziba.

Hewa hewa tu pale.

Alishuka majini na gauni lake.

"Mke wangu," Fundi alisema upesi, "rudi juu. Hakuna kitu."

"Kepteni, shuka kwenye kiti changu."

"Shemeji, sasa hivi si wakati wa..."

"Shuka, shemeji. Ila injini usiizime. Simama hapa kando, minya ekseleta, watu wasikie."

Kepteni alishuka, labda kwa mshangao tu. Akaminya. Injini ikakohoa, ikapaliwa, ikatema moshi. Bi Mkasi akafungua kibano, akavuta kiti. Hakikutoka. Kilikuwa kimeng'ang'ania kana kwamba kuna mtu ndani anakivuta. Akaweka goti, akavuta kwa nguvu zote, na kiti kikaachia, fyuup! Papo hapo injini ikavuta pumzi, ikapanda, ikalia ile sauti nyembamba na safi, ikaruka mbele hata Fundi akalazimika kuidaka kwa usukani.

Wakosha boti walipiga yowe.

"Mmesikia?" Bi Mkasi alikuwa amekikumbatia kiti kifuani, maji yanamchuruzika. "Injini nzima. Plagi, kabureta, kila kitu. Ilikuwa inakosa pumzi. Nimeiziba mimi. Nilikuta njia ya hewa, nikadhani ni kasoro, nikaishona ikafa. Kiti hiki ni changu, na kosa hili ni langu. Na huyu," akaelekeza kidevu kwa mumewe, "alishaligundua tangu jana, akaona bora aitwe fundi mbovu kuliko kiti changu kisemwe."

Alikiweka kiti juu ya ukingo, kifudifudi. Akatoa mkasi mfukoni. Fundi akasema, "Usikate, tutafute njia nyingine," lakini mkasi ulikuwa umeshaingia. Alikata mshono wake mwenyewe, karibu na pini, mstari ulionyooka, akang'oa sponji nzito kwa ngumi, konzi baada ya konzi, mpaka uwazi ukafunguka wote, upana wa kiganja, kama ulivyozaliwa. Bibi alikuwa anauliza, "Anafanya nini? Anafanya nini?" na mkosha boti mmoja akamwinamia kumweleza.

"Nenda sasa," Bi Mkasi alimwambia Kepteni.

Kepteni akaenda. Boya la kwanza hakulitazama hata kulitazama. Alipokata kona ya boya la mwisho miwani yake iliruka ikazama, na watu walimwona akicheka, kinywa wazi, kama mtoto kwenye bembea. Bwana wa sanduku jekundu alisubiri mpaka arudi, akampa Fundi mkono, akaondoka zake.

"Banda ni lenu," Kepteni alisema akitweta. "Nilikuwa nasema tu."

"Hukuwa unasema tu," alijibu bibi.

Kepteni akajifanya hakusikia. Akapapasa ule mpasuko. "Ila kiti kimechanika, shemeji."

"Kimefunguliwa. Kuchanika ni kitu kingine. Vile ulivyoagiza nitavishona vyote na pua ya kuvutia hewa. Mdomo nitaugeuza utazame chini, hewa ipande, maji yaanguke. Niletee ngozi."

"Bei ile ile?"

"Ya pua ni mbali."

*

Walipobaki wenyewe alivitoa vile vijiti, akaviweka kwenye kiganja cha mumewe.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekikata."

"Si nimekikata?"

"Ndiyo. Lakini nilitaka kukiona kizima kwa muda kidogo." Fundi aligeuzageuza vijiti. "Nilisimama hapa nikakutazama unavyokata. Mbele ya watu wote wale. Nikasema moyoni, yule ni mke wangu yule."

Bi Mkasi akajishughulisha na kukamua upindo wa gauni. Alipoinua macho, mumewe alikuwa ameegemea kiti kwa mkono, amesahau. Aliposogea, kwenye ngozi ya bluu kulibaki mkono mzima wa oili, vidole vyote vitano.

Fundi aliuona, akashtuka, akachukua kitambaa.

"Uache," mkewe alisema.

"Utaganda huu, hautatoka."

"Nimesema uache."

Na Jumamosi, watu walipojipanga ufukweni kuwatazama waogeleaji, pikipiki ya maji ilipita mbele yao huku na huku asubuhi nzima bila kukohoa, na bibi, aliyekuwa haioni, alimwuliza kila aliyekaa karibu naye kama ameuona ule mkono kwenye kiti. "Wa mwanangu huo," aliwaambia. "Na kiti ni cha mke wake."